Kompyuta yako imegoma? Kagua haya kabla ya kulipa fundi

Katika makazi ya wakimbizi na vijiji vinavyoyazunguka, kompyuta moja hufanya kazi ya watu wengi. Asubuhi mwanafunzi anaandika zoezi la chuo, mchana mama anapanga hesabu za duka, jioni jirani anakuja kuchapa barua ya kuomba kazi. Mashine yenyewe mara nyingi ni laptopu iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yetu. Inakaa katika nyumba ya mabati, inakula vumbi la kiangazi na inategemea umeme wa sola. Siku ikigoma, nyumba nzima inasimama.

Habari njema ni kwamba matatizo mengi yanatokana na mambo manne tu: umeme, joto na vumbi, nafasi iliyojaa, na virusi vinavyoletwa na flashi. Mengi kati ya hayo unaweza kuyagundua mwenyewe bila kutumia hata shilingi moja. Makala hii inaeleza jinsi ya kukagua hatua kwa hatua, kuanzia kisichogharimu kitu. Inaeleza pia wakati wa kuacha na kumwita fundi. Maelezo ya menyu ni ya mashine zenye Windows, kwa kuwa ndizo nyingi.

Mafaili kwanza, mashine baadaye

Kabla ya jambo lolote, jiulize: ndani ya kompyuta hii kuna kitu gani ambacho sina mahali pengine?

Kwa wengi wetu jibu ni zito. Kuna nakala ya cheti cha shule kutoka nyumbani, na shule yenyewe huenda haipo tena. Kuna picha za ndugu waliobaki. Kuna nakala za kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua za ofisini, wasifu wa kazi. Laptopu iliyoharibika inaweza kununuliwa nyingine siku moja. Cheti kilichopotea pamoja nayo huenda kisipatikane tena.

Kwa hiyo, kama kompyuta bado inawaka, hata kama inasumbua, fanya hivi leo:

1. Tengeneza folda moja na uweke humo nyaraka zote muhimu.
2. Nakili folda hiyo kwenye flashi safi, kisha uitunze flashi mahali pakavu, mbali na kompyuta.
3. Jitumie nyaraka hizo kwa barua pepe yako mwenyewe. Zikishafika huko, utaweza kuzifungua kwa simu au kompyuta yoyote, hata kama laptopu imeibiwa au imeungua.
4. Hakikisha unakumbuka nenosiri la barua pepe hiyo, na kwamba namba ya simu uliyoiandikisha humo bado ni yako. Watu wengi hupoteza barua pepe kwa sababu laini ya simu ya zamani ilifungwa.

Jihadhari pia na neno "kufomati". Mafundi wengi wakiona mashine inasumbua hupendekeza kuweka Windows mpya. Wakati mwingine ni dawa sahihi, lakini kufomati diski kunafuta kila kitu kilichomo. Ukisikia neno hilo, swali lako la kwanza liwe: "Mafaili yangu yatahamishiwa wapi kabla hujaanza?"

Kama ulifuta faili kwa bahati mbaya, angalia kwanza kwenye "Recycle Bin". Lisipokuwepo, acha kuitumia kompyuta hiyo mara moja. Faili lililofutwa mara nyingi bado limo kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na kila unachohifadhi kinapunguza uwezekano wa kulipata.

Haiwaki kabisa

Usianze kwa kufikiri kwamba mashine imekufa. Anza na njia ya umeme, kutoka ukutani mpaka kwenye kompyuta.

Chomeka simu kwenye soketi ileile. Je, inachaji? Kama haichaji, tatizo ni soketi au waya wa nyumba, kompyuta haina kosa.

Angalia chaja. Nyingi zina taa ndogo. Kama taa haiwaki, jaribu kubadilisha waya unaotoka kwenye soketi hadi kwenye kiboksi cha chaja. Mara nyingi ndio uliokatika ndani. Kama taa inawaka lakini inazimika unapochomeka kwenye kompyuta, huenda kuna shoti kwenye chaja au ndani ya mashine. Usiendelee kulazimisha.

Ukiazima chaja ya jirani, soma maandishi yaliyo chini yake kabla ya kuchomeka. Tafuta neno "OUTPUT". Tuseme yako imeandikwa 19V na 3.42A. Namba ya volti, yenye herufi V, inapaswa kulingana na ya kompyuta yako. Namba ya ampea, yenye herufi A, inaweza kuwa sawa au kubwa zaidi, lakini isiwe ndogo. Chaja yenye volti kubwa inaweza kuunguza mashine, na yenye ampea ndogo itapata moto au itashindwa kuchaji. Pini kuingia vizuri hakumaanishi kwamba chaja inafaa.

Kama chaja ni nzima na bado haiwaki, jaribu kuondoa umeme uliobaki ndani:

1. Chomoa chaja.
2. Toa betri, kama ni ya kutoka nje.
3. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30.
4. Achilia, chomeka chaja peke yake bila betri, kisha washa. Kama betri haitoki, rudisha tu chaja na uwashe.

Hatua hii inaonekana ya kitoto, lakini huamsha mashine nyingi ambazo zingepelekwa kwa fundi. Ikiwaka bila betri na ikakataa ikiwa na betri, umeshajua kilichokufa ni betri. Unaweza kuendelea kuitumia kwa chaja huku ukitafuta nyingine.

Inawaka lakini skrini ni nyeusi

Sikiliza. Kama feni inazunguka na taa zinawaka, mashine iko hai. Kinachokosekana ni picha. Bonyeza vitufe vya kuongeza mwanga wa skrini. Kisha zima taa ya chumba na umulike skrini kwa tochi ya simu, kwa pembeni. Ukiona maandishi hafifu, kilichoharibika ni taa ya nyuma ya skrini. Unaweza pia kuiunganisha kompyuta na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, mafaili yako ni salama na unaweza kuyanakili kabla ya matengenezo.

Kama inatoa milio ya "bip, bip" na haionyeshi kitu, mara nyingi kadi ya RAM imelegea au imeshika vumbi. Ukiwa na bisibisi na umewahi kufungua mashine, zima, chomoa chaja na betri, toa kadi hiyo, ifute sehemu ya dhahabu kwa kitambaa laini kikavu, kisha irudishe mpaka isikike imekaa. Kama hujawahi, mwachie fundi. Ni kazi ya dakika chache na haipaswi kuwa na bei kubwa.

Umeme wa sola na jenereta

Hapa ndipo mashine nyingi za makazini zinapofia, kwa hiyo tueleze kwa utaratibu.

Chaja ya laptopu ya kawaida hutumia wati 45 hadi 65. Inveta yako lazima iweze kutoa zaidi ya hapo bila kuhema, pamoja na vitu vingine vilivyochomekwa. Inveta ya wati 150 inatosha kwa laptopu moja na simu kadhaa. Haitoshi ukiongeza pasi au jiko la umeme, hata kwa dakika moja.

Je, betri ya sola itakaa muda gani? Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600 kwenye karatasi. Lakini betri ya kawaida ya risasi na asidi haipaswi kushushwa chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo una wati-saa 300 za kutumia. Kama laptopu inatumia wati 40 kwa wastani na inveta nayo inakula kidogo, utapata kama saa sita. Ukiwasha na taa na televisheni, saa hizo zitapungua. Kama betri ni mpya na kompyuta inazimika baada ya saa moja, kagua betri na paneli kabla ya kuilaumu kompyuta.

Kuna mambo manne ya kuepuka:

Usiunganishe waya wa laptopu moja kwa moja kwenye betri ya volti 12. Laptopu nyingi zinahitaji volti 19 au karibu na hapo. Kama huna inveta, kuna chaja za gari zinazopandisha volti 12 kufikia kiwango cha laptopu. Chagua yenye volti zinazolingana na chaja yako.

Usichomeke kompyuta kabla ya kuwasha jenereta. Washa jenereta kwanza, isubiri itulie, ndipo uchomeke. Wakati wa kuzima, chomoa kompyuta kwanza.

Umeme ukikatika, chomoa. Unaporudi huweza kuja na nguvu kubwa ya ghafla. Subiri dakika chache mpaka utulie. Wakati wa radi pia chomoa, hata kama betri iko chini.

Usiache laptopu izimike yenyewe kila siku kwa kuishiwa chaji. Kuzimika katikati ya kuandika kunaharibu mafaili, na wakati mwingine kunaharibu Windows yenyewe. Chaji ikifika asilimia 15, hifadhi kazi yako na uzime kwa utaratibu.

Inapata moto na kuzimika ghafla

Kompyuta inayozimika baada ya dakika 20 au 30, hasa mchana, huwa inajilinda dhidi ya joto. Weka mkono karibu na matundu ya pembeni. Kama hewa inayotoka ni kidogo lakini ya moto sana, au feni inapiga kelele kama inasaga mchanga, vumbi limeziba njia.

Jambo la kwanza ni mahali pa kuiweka. Godoro, blanketi na mapaja yaliyofunikwa na kitenge huziba matundu ya chini. Weka kwenye meza, ubao au hata trei ngumu. Inua upande wa nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipite. Saa sita hadi saa tisa mchana, chini ya bati lisilo na dari, fanya kazi nzito mahali penye kivuli na upepo, au usubiri jioni.

Kusafisha si kugumu. Zima, chomoa kila kitu, na usubiri ipoe. Tumia brashi laini, kwa mfano ya rangi ambayo haijatumika, kuondoa vumbi kwenye matundu. Kama umeifungua, zuia feni isizunguke kwa kijiti cha meno unapoisafisha, na usiipulize kwa mdomo kwa sababu mate huingia ndani. Katika msimu wa vumbi, rudia mara moja kwa mwezi. Ukimaliza kutumia, zima na uifunike kwa kitambaa safi. Usiifunike ikiwa inafanya kazi.

Kama imesafishwa na bado inachemka, mwambie fundi abadilishe dawa ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa na kipozeo. Hukauka baada ya miaka kadhaa, na mashine zetu nyingi zina umri huo.

Betri iliyovimba ni hatari

Kama kibodi imeinuka katikati, au laptopu haifungi vizuri kama zamani, huenda betri imevimba. Acha kuitumia na kuichaji mara moja. Usiitoboe, usiibonyeze irudi, na usiitupe kwenye shimo la takataka ambalo watoto huchezea au ambalo huchomwa moto. Betri za namna hii zinaweza kulipuka na kuwaka. Ipeleke kwa fundi aitoe, na uulize kama katika eneo lako kuna mahali pa kukusanyia taka za umeme.

Inakwenda polepole au inaganda

Anza kwa kuizima na kuiwasha upya kwa kuchagua "Restart" kwenye menyu. Katika Windows za sasa, "Shut down" mara nyingi haifungi kila kitu, huhifadhi baadhi ya mambo ili iwake haraka kesho. "Restart" ndiyo inayoanza upya kweli.

Kama imeganda kabisa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha linaloonyesha programu zinazokula nguvu. Chagua iliyoganda na uifunge. Katika dirisha hilo hilo kuna sehemu ya "Startup", yenye orodha ya programu zinazojiwasha kila unapowasha mashine. Zima zile usizozihitaji, lakini usizime kinga ya virusi.

Kisha angalia nafasi. Fungua sehemu ya mafaili na utazame diski C. Kama mstari wake ni mwekundu, kompyuta haina pa kupumulia. Filamu na video ndizo zinazojaza zaidi. Zihamishie kwenye diski ya nje, futa usizotazama, kisha safisha "Recycle Bin". Lenga kuacha walau asilimia 15 ya diski ikiwa wazi.

Kama nafasi ipo na bado ni polepole, sababu huenda ni diski ya zamani ya kuzunguka. Kama kuna matumizi moja ya fedha yanayobadilisha laptopu kuukuu, ni kuweka diski ya SSD. Haina sehemu inayozunguka, haitikiswi na barabara mbovu, na inatumia umeme mdogo. Lakini ukisikia diski inagonga "tik, tik, tik", hiyo ni dalili ya kufa. Usiiwashe kila mara kujaribu. Ukiweza kuiwasha mara moja, nakili nyaraka muhimu kwanza na uache filamu.

Ujue pia kwamba Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya bure ya usalama kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo, lakini mashimo mapya ya usalama hayazibwi, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye muda wa nyongeza. Kama laptopu yako haiwezi kubeba Windows 11, kuna Linux Mint na Ubuntu. Ni mifumo ya bure na halali, na huendesha vizuri mashine nyingi za zamani. Kwa kuandika barua na kupanga hesabu, LibreOffice nayo ni ya bure na hufungua mafaili ya Word na Excel.

Bando linaisha bila kufanya kitu

Malalamiko haya ni ya kila siku: umenunua bando, umefungua hotispoti ya simu, umeunganisha kompyuta, na baada ya nusu saa bando limekwisha. Hukuibiwa. Kompyuta inadhani iko kwenye intaneti isiyo na kikomo, kwa hiyo inapakua masasisho makubwa kimyakimya.

Iambie ukweli. Nenda "Settings", kisha "Network & internet", kisha "Wi-Fi". Fungua jina la hotispoti yako na uwashe "Metered connection". Kuanzia hapo itapunguza upakuaji wa nyuma kwenye hotispoti hiyo. Kama unatumia OneDrive au huduma nyingine inayohifadhi picha mtandaoni, isimamishe mpaka uwe na intaneti ya bure. Ukifika mahali penye Wi-Fi ya wazi, kama maktaba au kituo cha vijana, ndipo uruhusu masasisho. Usiyaache milele, kwa sababu ndiyo yanayoziba njia za virusi.

Intaneti haishiki

Jaribu hotispoti hiyo kwa simu nyingine. Kama nayo haipati, tatizo ni mtandao au bando. Kama simu inapata, hakikisha alama ya ndege haijawashwa kwenye kompyuta, kisha sahau mtandao huo kwenye orodha na uunganishe upya.

Kama Wi-Fi imeshika lakini kila tovuti inaonya kwamba si salama, tazama saa na tarehe ya kompyuta. Tarehe ikiwa ya miaka iliyopita, tovuti nyingi hukataa kufunguka. Rekebisha tarehe. Ikirudi nyuma kila unapozima, betri ndogo ya saa iliyo ndani imekwisha. Katika kompyuta za mezani mara nyingi ni duara dogo lililoandikwa CR2032, na kuibadilisha ni rahisi.

Flashi imeleta virusi

Umepeleka flashi kuchapisha barua kwenye kibanda. Umerudi nyumbani, umefungua, na folda zako zote zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo. Ukibofya, hakuna kinachofunguka, au kinafunguka baada ya kusita. Watu wengi hapo huamua kufomati flashi. Usifanye hivyo. Mara nyingi mafaili yako bado yapo, yamefichwa tu.

1. Usibofye vialama hivyo tena. Kila kubofya kunaiingiza kirusi ndani ya kompyuta.
2. Fungua "Windows Security", kinga ambayo Windows 10 na 11 huja nayo bure. Kagua flashi na kompyuta yote, na ukubali iondoe ilichokipata.
3. Angalia herufi ya flashi yako. Tuseme ni E.
4. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bonyeza Enter, na katika dirisha jeusi andika: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kisha Enter. Badilisha E kama herufi yako ni nyingine.
5. Fungua flashi. Mafaili yataonekana, wakati mwingine ndani ya folda isiyo na jina. Yanakili kwenye kompyuta safi, ndipo ufomati flashi.

Ili yasijirudie, tumia flashi moja ya kuchapishia tu, isiyobeba nyaraka zako nyingine. Au tuma barua kwa barua pepe na uifungue kibandani, kisha uhakikishe umetoka kwenye akaunti yako kabla ya kuondoka. Ujihadhari na programu za kulipia zinazogawiwa bure pamoja na "ufunguo". Mara nyingi ndizo zinazobeba virusi.

Kama dirisha kubwa linatokea likisema kompyuta yako imeambukizwa na upige namba fulani au ulipe sasa hivi, huo ni utapeli. Kinga halisi haikupi namba ya kupiga. Funga kivinjari kwa Ctrl, Shift na Esc. Kwa njia hiyo hiyo, barua pepe inayodai malipo ili faili lako la kuhamishiwa nchi ya tatu lisogezwe ni ya wezi. Huduma za UNHCR hazilipiwi. Usifungue kiambatisho chake.

Chai imemwagika

Usisubiri kuona kama itaendelea. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, na uigeuze kibodi iangalie chini. Iache ikauke mahali penye hewa kwa siku mbili au zaidi. Usiianike juani na usiizike kwenye mchele. Unga wake huingia ndani. Kama ni maji safi, inaweza kupona. Kama ni chai yenye sukari au soda, ipeleke isafishwe hata kama imekauka, kwa sababu sukari hubaki na kula vyuma taratibu.

Ukimpelekea fundi

Fundi mzuri ni msaada mkubwa, na wapo wengi, wakimbizi na wenyeji. Lakini kompyuta yako imebeba habari za familia yako, pengine na namba ya faili lako na sababu za wewe kukimbia. Mtu mbaya akizipata anaweza kuzitumia. Kwa hiyo:

Nakili nyaraka zako kisha uziondoe kwenye mashine, kama bado inawaka. Toka kwenye barua pepe, Facebook na WhatsApp ya kompyuta. Toa flashi na kadi zote.

Andika namba ya mashine iliyo chini yake na upige picha ya kompyuta kabla ya kuiacha.

Mweleze fundi dalili na ulichokwisha kukagua, usimpe hukumu. "Inazimika baada ya nusu saa, na nimeshajaribu chaja nyingine" kunamsaidia kuliko "imeharibika".

Kubalianeni bei kabla ya kazi. Kama atabadilisha kifaa, omba akurudishie cha zamani. Kama kazi ni fupi, omba ifanyike ukiwepo.

Usitoe nenosiri la barua pepe kwa sababu yoyote. Kutengeneza skrini au chaja hakuhitaji kufungua barua zako.

Kama hujui uanzie wapi, rudi mwanzo: nakili mafaili, kagua umeme, ondoa vumbi, washa upya. Na kama kompyuta yako leo ni nzima kabisa, bado kuna kazi moja inayokusubiri. Tafuta flashi, nakili vyeti vya watoto, kisha umwonyeshe jirani naye afanye hivyo.